Sumaku Kabla ya Brashi

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi kwa kukaa, kwa maana naona hapa nyuso ambazo zimeshanisikia nikisema haya si mara moja wala mara mbili. Nimeombwa nizungumze kuhusu namna ya kuunda modeli ya gari la kazi na kuitia madoido yake madogomadogo, na gari nililochagua ni hili lililo mezani: pikapu ya Land Rover Series III, ile ndefu yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, katika skeli ya 1:24, yaani imepunguzwa mara 24, ikiwa imefungwa vifaa vya kikosi cha mafundi wa laini za umeme. Sitafundisha namna ya kukata plastiki, kupiga msasa wala kuunganisha kwa gundi, kwa sababu hayo mnayajua, na wengine mnayajua kunishinda. Mimi nimekuja na jambo moja tu, nalo liko mfukoni. Ni sumaku hii, niliyoichomoa kwenye spika mbovu ya redio, na dai langu ni kwamba mtu asishike brashi ya rangi kabla hajaishika hii.

Niliwahi kupeleka modeli kama hii kwenye maonyesho madogo ya kazi za mikono. Nilikuwa nimeihangaikia miezi saba. Bodi niliipaka kijani kilichofifia, kisha nikaingia kwenye sehemu niliyoipenda kuliko zote, yaani kutu. Niliweka kutu kwenye pembe za madigadi, nikaweka kutu inayochuruzika kutoka kwenye kila ribiti, nikatoboa hata tundu dogo ubavuni mwa bodi ya nyuma na kulizungushia rangi ya chungwa, nikaona nimemaliza kazi. Vijana walipita wakapiga picha na kunisifu, nami nikavimba kichwa. Mchana akaja mzee mmoja, akasimama kimya mbele ya meza, mikono nyuma, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa boneti.

Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hii ni Land Rover?"

"Ndiyo, mzee, Series III, ya mafundi wa umeme."

"Naona. Mimi nimeziendesha hizi miaka 22, mwanangu, nikibeba mafundi na waya na ngazi. Sijapata kuona hata moja iliyoota kutu hapo ulipoiweka wewe." Akainyooshea kidole ile pembe ya madigadi, akacheka bila ubaya wowote. "Umeipaka ugonjwa wa gari jingine."

Sikumjibu, kwa sababu sikuwa na jibu. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwenye gereji moja ambako Land Rover kuukuu ilikuwa imewekwa juu ya matofali, nikiwa na sumaku hii hii. Niliiweka kwenye digadi la mbele, ikateleza na kuanguka mchangani. Nikaiweka ubavuni mwa bodi ya nyuma, ikaanguka. Nikaiweka katikati ya mlango, ikaanguka tena, na mafundi wa pale wakaanza kuniuliza kama natafuta kitu. Nilipoisogeza kwenye fremu ya kioo cha mbele ilinata kwa mlio wa "ta!", na nilipoiingiza chini kwenye chesisi ilinata kiasi kwamba nilitumia nguvu kuiondoa. Nilikaa pale saa mbili nikiwa na penseli na karatasi, nikiweka alama kwenye mchoro wa gari zima, hapa inanata, hapa hainati. Mchoro ule ndio uliobadilisha kazi yangu yote, kwa sababu kabla ya siku hiyo nilikuwa nikipaka rangi umbo la gari bila kujua gari lenyewe ni kitu gani.

Wengi wenu mnaijua sababu, kwa hiyo nitaipitia haraka. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, na ilibuniwa wakati Uingereza ilikuwa inagawa chuma kwa vibali baada ya vita, ilhali alumini iliyokuwa ya viwanda vya ndege ilipatikana kwa urahisi zaidi. Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover wakaamua ngozi ya gari, yaani madigadi, boneti, bodi ya nyuma na sura za milango, iwe ya aloi ya alumini, isiyonatwa na sumaku wala kuota kutu nyekundu, na mifupa yake ibaki chuma. Mpango huo uliendelea katika Series II ya 1958, na pia katika Series III iliyoundwa kuanzia 1971 hadi 1985, ambayo ndiyo wengi wetu tuliisukuma utotoni kila ilipogoma kuwaka. Basi ukipaka kutu nyekundu kwenye digadi la gari hili, umefanya kosa sawa na la mtu anayechora mnazi ukizaa maembe.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba modeli ni sanaa, na msanii ana uhuru wake. Uhuru huo sikunyimi. Ukitaka kuipaka zambarau yenye maua, ipake, na mimi nitakuja kuitazama. Lakini wewe hukusema umeunda gari la zambarau. Wewe umeandika kwenye kibao kwamba hili ni gari la kazi lililochakaa, ukamwomba mtazamaji aamini kwamba limefanya kazi. Mwingine atasema kwamba watazamaji hawajui tofauti. Mzee wangu alijua kwa nukta chache tu, tena bila sumaku. Isitoshe, hata asiyejua huhisi kwamba kuna kitu hakijakaa sawa, kama anayesikia ngoma ikikosa pigo moja bila kuweza kulitaja.

Sasa msinielewe vibaya mkaenda nyumbani na kuunda magari yanayong'aa kama yametoka bandarini leo. Alumini nayo huugua, ila huugua kwa namna yake. Kwanza hubonyea upesi na haijirudi, na ndiyo sababu Land Rover ya kazi huwa na mashimo madogo ya mabonyeo juu ya boneti, mahali ambapo watu wamekalia au wamepanda na viatu kufikia ngazi. Pili, rangi inapobanduka panaonekana rangi ya kijivu iliyofifia, kama sufuria ya zamani iliyosuguliwa kwa mchanga. Tatu, na hili ndilo ninalowaomba mlitazame kwa makini, pale alumini inapogusana na chuma na maji yakaingia katikati, alumini ndiyo inayoliwa. Nendeni mkatazame ukingo wa chini wa mlango, ambako sura ya alumini imekunjwa kuizunguka fremu ya chuma. Mtakuta rangi imevimba malengelenge, na ukilitumbua lengelenge moja kwa ukucha unatoka unga mweupe, mkavu kama unga wa muhogo. Unga ule ndio kutu ya alumini, nao ni mweupe.

Kwenye modeli hii mlango wa dereva nimeufanya hivyo, na nitaeleza nilivyofanya kwa kuwa ni rahisi. Kabla ya rangi ya mwisho nilidondosha gundi ya supagluu kwa ncha ya sindano, tone moja moja, kwenye ukingo wa chini kwa urefu wa kama sentimita moja, kisha nikanyunyizia poda ya mtoto ingali mbichi. Ilipokauka nikapaka kijani juu yake, na baadaye nikakwangua vilengelenge viwili tu kwa wembe, unga ukajitokeza. Nasema viwili tu. Nilianza na sita, mlango ukaonekana kama una tetekuwanga, nikaupiga msasa wote na kuanza upya.

Kwa mabanduko ya rangi situmii brashi kabisa. Natumia kipande cha sponji ya godoro kilichochanwa kwa vidole, nakichovya kwenye rangi ya kijivu, nakifuta kwenye karatasi mpaka kinakaribia kukauka, ndipo naligusa gari. Kumbukeni skeli wakati wote. Doa la milimita moja kwenye modeli ya 1:24 ni doa la milimita 24 kwenye gari lenyewe, yaani upana wa sarafu, na hakuna dereva ambaye gari lake lina sarafu mia za rangi iliyobanduka kwenye mlango mmoja. Mabanduko yawe pale mkono, kiatu na mzigo vinapogusa: kuzunguka kitasa, kwenye kingo ambako mafundi hukanyaga wakipanda, na ndani ya bodi ya nyuma, ambako rangi huisha kabisa sakafuni kwa sababu ya kuburuta vyuma. Zile kingo za juu za bodi ya nyuma mara nyingi ni chuma kilichochovywa kwenye zinki, kwa hiyo zipakeni kijivu cha bati la zamani, wala msizipake rangi ya bodi.

Kutu mnayoipenda ina mahali pake, na mahali penyewe ni pengi. Iko kwenye chesisi, hasa boriti ya mwisho kule nyuma inayorushiwa matope na magurudumu. Iko sakafuni pa miguu kwenye ule ukuta wa chuma kati ya injini na kabini. Iko kwenye bawaba, kwenye springi, kwenye rimu na kwenye ekzosi. Na hata hapo msinifanyie rangi ya chungwa. Kutu ya siku nyingi ni kahawia nzito inayokaribia weusi, na chungwa huonekana tu pale palipokwaruzwa juzi. Changanyeni rangi ya kahawia na vumbi la tofali lililopondwa na kuchekechwa kwenye kitambaa cha soksi, mtaona.

Naambiwa nimebakiwa na dakika chache, jambo ambalo halinishangazi, kwa hiyo nikimbie.

Unene. Bati la bodi ya gari hili lina unene wa milimita moja na kitu. Ukiligawa kwa 24 unapata kama sehemu tano za mia za milimita, na wewe umekata bodi kwa plastiki ya milimita moja, ambayo kwenye gari halisi ingekuwa bati la milimita 24, zaidi ya hitaji la gari la kubebea fedha za benki. Huwezi kupunguza kote, wala huna haja. Punguza kingo zinazoonekana tu, kwa msasa na kutoka upande wa ndani. Au fanyeni kama tulivyofanya tukiwa watoto tukiunda magari ya makopo, maana kopo la soda la alumini lina ubavu wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Bodi ya nyuma ya modeli hii ni kopo la soda, na mabonyeo mnayoyaona niliyapiga kwa kitako cha kalamu. Yule anayesema tusubiri seti ya vipande vya modeli kutoka nje, ni kweli kwamba kampuni ya Revell wametoa seti nzuri ya Series III kwa skeli hii, na mwenye uwezo ainunue, lakini hata hiyo kingo zake ni za plastiki na zinahitaji msasa.

Vumbi. Jambo moja tu: gari la shirika huoshwa. Dereva wake anaulizwa akilirudisha. Kwa hiyo vumbi lisiwe shuka lililofunika kila kitu. Libaki kwenye mikunjo, nyuma ya ribiti, chini ya zile bawa mbili za kuingizia hewa zilizo chini ya kioo cha mbele, ambazo dereva wa nchi ya joto huziacha wazi mwaka mzima. Modeli nyingi ninazoziona zimezifunga. Mnamfungia dereva hewa kwa nini?

Mzigo ningetaka kuuzungumzia kwa saa nzima, na nina dakika mbili. Gari hili lina urefu wa kama mita 4.44, ambazo kwa skeli yetu ni milimita 185. Ngazi ya mita 6 inakuwa milimita 250. Kwa hiyo ngazi lazima ichomoze nyuma, na ikichomoza lazima ifungwe kitambaa chekundu mwishoni. Vile vikombe vya nguzo, vinavyozuia umeme wa waya usiingie kwenye nguzo, nimevitengeneza kwa shanga za kahawia. Waya ni wa shaba, niliufungua kwenye mota iliyoungua ya feni, kisha nikaupaka rangi ya fedha iliyofifia. Kamba ni uzi wa kushonea uliopitishwa kwenye mshumaa ili manyoya yake yalale, kwa sababu manyoya ya uzi katika skeli hii yanaonekana kama majani ya mgomba. Na vifundo vyake mvifunge kweli, msivibandike kwa gundi. Habari ya winchi na sanduku la vifaa naiacha, mtaniuliza nje.

Kule nje, kwa bahati njema, chini ya ule mwarobaini upande wa lango, imeegeshwa Land Rover 109 ambayo bado inatembea, na mwenyewe ametukubalia tuiguse mradi tusiikwaruze. Anzieni digadi la kushoto, mteremke mpaka ukingo wa mlango, mmalizie boriti ya nyuma. Sumaku ni moja, kwa hiyo msisukumane.