Sarajevo: anzeni na mnara wa saa

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumzie matembezi ya Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia na Herzegovina. Wageni wengi wakifika hukimbilia Daraja la Latini, maana hapo kando yake, Juni 28, 1914, Gavrilo Princip alimpiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria, na mkewe Sophie. Nendeni, sikatazi. Vita vilivyozuka baadaye vilifika Tanga Novemba mwaka huohuo, na wapagazi wa kwetu wakafa kwa maelfu. Ila daraja lenyewe ni dogo, hamtakaa sana.

Mimi nasema anzeni Baščaršija, soko kongwe la enzi za Waturuki, mtafute mnara wa saa ulio jirani na msikiti wa Gazi Husrev-beg, uliojengwa karne ya 16. Mzungu akiitazama saa ile hudhani imeharibika. Mswahili ataisoma bila shida: jua likizama, ni saa kumi na mbili! Kazi iko kwa anayeitunza, kwa sababu jua la kule halitulii kama letu. Machweo ya Juni huchelewa kuliko ya Desemba kwa zaidi ya saa tatu, kwa hiyo lazima airekebishe mara kwa mara.

Kutoka hapo shikeni mtaa wa Ferhadija kuelekea magharibi. Ghafla vibanda vya mafundi shaba vinakwisha, yanaanza majumba ya Waaustria, walioingia 1878. Msikiti, kanisa la Kiorthodoksi, la Kikatoliki na sinagogi vyote viko karibu karibu. Waongozaji huuita mji huu Yerusalemu ya Ulaya. Jina hilo silipendi, linateleza juu ya mambo ya 1992.

Maana mji ulizingirwa tangu Aprili 1992 hadi Februari 1996. Vijećnica, jengo la maktaba ya taifa, liliteketea Agosti 1992 pamoja na vitabu vyake. Lilifunguliwa tena 2014. Barabarani mtaona mashimo ya mizinga yaliyojazwa utomvu mwekundu: hapo walikufa watu. Na karibu na uwanja wa ndege kuna njia ya chini ya ardhi, kama mita 800, iliyochimbwa 1993 kupitishia chakula, silaha na majeruhi. Kipande kifupi bado kinapitika, warefu mtainama.

Naam, mama pale nyuma anauliza chakula. Ćevapi, mama: nyama ya kusaga ya kuchoma, ndani ya mkate, na kitunguu kibichi. Agiza vitano kwanza.