Kausha damu ya nyumba: niliyoyasema Greensboro, North Carolina

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wa Kongo, Burundi, Tanzania, Kenya na kwingineko, asanteni kwa kuacha mapumziko ya Jumapili mkaja ukumbini.

Kwetu Tanzania kuna mikopo ya mtaani inayoitwa kausha damu. Mama anakopa leo, kesho anaanza marejesho, akikosa siku mbili wanakuja kubeba godoro na televisheni. Hapa Marekani ipo pia, ila huku godoro wanakuachia. Wanachukua nyumba, pamoja na yote uliyokwisha kuilipia. Na anayekuja hakemei mtu. Anavua viatu mlangoni, anakunywa chai yako, anakuita mama.

Niwaeleze kisa kimoja. Mama mmoja wa jamii yetu, sitamtaja, na kampuni sitaitaja, alitembelewa na wakala siku ya Alhamisi. Mkopo wake wa nyumba ulikuwa wa riba ya asilimia 3. Wakala akamwahidi dola 20,000 mkononi atengeneze paa, akasema ni saini mbili tatu tu. Mama akasaini jioni ile ile, juu ya meza ya chakula. Jumatatu, alipotoka zamu kiwandani, akaniletea bahasha. Nikasoma. Mkopo wa zamani unafutwa wote, unaingia mpya wa riba ya asilimia 9, miaka 30 inaanza kuhesabiwa upya, na ada za wakala zimeongezwa ndani ya deni lenyewe.

“Mwanangu, nyumba imekwenda?”

Nikamwuliza alisaini lini. Nikahesabu kwa vidole mbele yake: Ijumaa moja, Jumamosi mbili, Jumapili haihesabiwi, leo Jumatatu tatu. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1968, ile ya ukweli katika mikopo, inampa anayebadilisha mkopo au kukopa kwa dhamana ya nyumba anayoishi siku tatu za kughairi, mpaka saa sita usiku wa siku ya tatu. Huulizwi sababu. Unaandika tu, na ukishaitia barua posta kabla ya muda kwisha, imehesabiwa. Ndani ya bahasha mlikuwa na nakala mbili za fomu ya kughairi. Sheria inataka apewe, na alipewa kweli, ila hakuna aliyemweleza ni za nini. Tukajaza moja, tukaipiga picha, tukawahi posta kabla ya saa kumi na moja jioni. Pesa zilikuwa hazijatolewa, maana haziruhusiwi kutoka kabla ya siku hizo tatu kupita, kwa hiyo mkopo wa zamani ulibaki ulivyo. Stakabadhi ya posta ameihifadhi ndani ya Biblia yake.

Tafadhali lishikeni hili: haki hiyo haipo unapokopa ili ununue nyumba. Hapo ukishasaini, umesaini.

Sasa, ulinzi huu haukushuka wote kutoka Washington. Mwaka 1980 Bunge la Marekani liliyaondolea majimbo uwezo wa kuweka kikomo cha riba kwenye rehani ya kwanza ya nyumba, yaani mkopo unaotangulia kulipwa nyumba ikiuzwa, labda jimbo lenyewe likatae kwa sheria yake. Mwaka 1994 likatunga sheria inayoitwa HOEPA, ya kubana mikopo ya gharama kubwa mno. Lakini kikomo cha mkopo kuhesabiwa kuwa wa gharama kubwa kiliwekwa juu sana, na wakopeshaji wengi wakawa wanapita chini yake kidogo tu.

Jimbo la kwanza kusema basi ni hili mnaloishi, North Carolina, mwaka 1999. Hapo Durham kuna chama cha mikopo kiitwacho Self-Help, na mwanzilishi wake Martin Eakes alikuwa mstari wa mbele kuipigania sheria ile. Ilikataza bima ya mkopo inayotozwa kwa mkupuo na kurundikwa kwenye deni. Kwa mikopo ya rehani ya kwanza isiyozidi dola 150,000, ilifuta faini ya kumaliza deni mapema. Mkopo wa gharama kubwa hautolewi mpaka mkopaji apate ushauri kwanza. Na ilikataza kumbadilishia mtu mkopo bila yeye kupata faida halisi. Mkumbukeni yule mama na riba yake iliyotoka 3 kwenda 9, mniambie faida ilikuwa ya nani.

Georgia wakafuata mwaka 2002, wakaenda mbali zaidi, na hapa ndipo penye kiini. Mkopo wako haukai kwa aliyekupa. Anauuza, aliyeununua anauuza tena, na siku ukilalamika kwamba ulidanganywa, mwenye nao anasema yeye hakuwepo. Georgia ikasema aliyeubeba mkopo abebe na makosa yake. Mapema 2003 Standard & Poor's, kampuni inayowapimia wanunuzi usalama wa mikopo, ikatangaza kwamba haitaipima tena mikopo ya namna hiyo ya Georgia, na mkopo usiopimwa hauuziki sokoni. Mwezi Machi bunge la jimbo likailegeza sheria. Mwaka 2004 ofisi ya Washington inayosimamia benki za taifa ikatangaza kuwa benki hizo hazibanwi na sheria za majimbo za aina hii. Miaka minne baadaye mnajua kilichotokea: mikopo ya nyumba ikaporomoka nchi nzima. Naamini majimbo yangeachwa yafanye kazi yao, familia nyingi zisingetolewa vyombo barabarani.

Na waliochaguliwa kuumizwa walifanana na sisi. Wizara ya Sheria iliishtaki kampuni ya mikopo ya nyumba ya Countrywide kwa kuwatoza wakopaji weusi na Walatino zaidi ya 200,000 gharama kubwa kuliko wazungu wenye sifa zile zile. Kesi ilimalizwa mwaka 2011 kwa dola milioni 335.

Sheria ya Dodd-Frank ya 2010 ndiyo iliyoifanya nchi nzima iulize swali moja: huyu mtu ataweza kulipa? Tangu Januari 2014 mkopeshaji lazima ahakikishe kipato chako kwa ushahidi. Ikaunda pia shirika la kuwalinda wateja wa fedha, CFPB, na ikawarudishia wanasheria wakuu wa majimbo nguvu dhidi ya benki kubwa. Mwaka 2025 viongozi wapya wa CFPB waliwaamuru wafanyakazi wake wasimamishe kazi. Sheria hazikufutwa, lakini asiyekuwepo kazini hafuatilii malalamiko yako. Ndiyo maana nawaomba mjue njia ya ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, kule Raleigh.

Hii niliyoishika ina kurasa tatu. Juu imeandikwa Loan Estimate. Ukiomba mkopo, unatumiwa ndani ya siku tatu za kazi. Ukurasa wa kwanza una maswali yenye jibu la ndiyo au hapana: kiasi hiki kinaweza kupanda? Kuna faini ya kumaliza mapema? Kuna lundo la kulipa mwishoni? Ukiona ndiyo mahali popote hapo, usisaini peke yako.

Meza iko pale mlangoni. Waliokuja na bahasha zao wasogee, tunao ukumbi mpaka saa kumi na mbili. Na kama kuna aliyesaini Alhamisi au Ijumaa, huyo aje wa kwanza.