Trei za mayai hazimzuii jirani kusikia

Haya jamani, sogeeni mbele, huko nyuma spika haifiki na leo tunaongelea sauti kwenye studio za kurekodia nyumbani, itakuwa aibu. Nani humu kabandika trei za mayai ukutani? Nyoosheni mikono msiogope, mi mwenyewe nilibandika chumba kizima pale Mwanjelwa, gundi haijakauka jirani kashakuja kugonga mlango.

Trei ni karatasi bwana. Sauti isitoke inataka uzito na matundu yazibwe, basi. Na matundu ndo yanatumaliza. Chukua mlango wa mita 2 kwenda juu, chini umeacha upenyo wa sentimita 2, hiyo ni asilimia 1 tu ya mlango si ndiyo, lakini hata uweke chuma kama cha benki, kwa upenyo huo hauzuii zaidi ya desibeli 20, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, wakati ukuta wako wa tofali wenye plasta unazuia 40 na ushee. Kwa hiyo kabla ya sponji nunua raba ya mlango. Zima taa mchana, jifungie, pale unapoona mwanga unaingia anza napo.

Mwangwi sasa ni kesi nyingine kabisa. Piga kofi kwenye chumba kitupu, sikia kinavyolia kama kopo. Hapo ndo panataka vitu laini tena vinene, na sisi wa Mbeya kwa baridi hii nani hana blanketi zito? Tundika mawili nyuma ya mwimbaji, sio nyuma ya maiki kama wengi mnavyofanya, maana maiki nyingi za kuimbia zinasikia upande wa mbele, na mbele yake kuna mwimbaji na ukuta wa mgongoni kwake. Yasigusane na ukuta, acha kama sentimita 10.

Besi ndo kichwa ngumu. Wimbi la hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, lina urefu wa mita 3 na nusu hivi, sponji ya sentimita 3 hata halijui kama ipo. Linajazana kwenye kona, simamisha godoro nene hapo.

Eti dada anauliza mvua kwenye bati? Silingi bodi nyepesi haifui dafu, piga jipsam mbili zilizobebana, na ziba kingo zote. Hela hakuna? Fanya kama mimi, masika mvua zetu nyingi zinashuka mchana kwenda jioni, kwa hiyo waimbaji wangu saa 1 asubuhi wako kwenye maiki, ikianza kunyesha navaa hedifoni nafanya miksingi, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti nilizorekodi.