Hereni Iliyokuwasha na Chuma cha Mguuni

Wazee wangu, shikamooni. Dada aliyekaa hapa mbele ameniazima hereni yake, tazameni. Natia matone ya dawa ya kupimia metali iitwayo nikeli kwenye pamba nyeupe, naisugua hereni taratibu. Mnaiona? Pamba imekuwa pinki. Basi hereni hii inaachia nikeli. Jasho nalo hufanya vivyo hivyo: huichomoa kidogo kidogo ikapenya kwenye ngozi.

Chembe ya nikeli ni ndogo mno, peke yake kinga ya mwili haiioni. Ikinasa kwenye protini zetu, ndipo kinga huihesabu kuwa mgeni na kuiweka kumbukumbu. Kinga ikikutana nayo tena, baada ya siku moja hadi tatu ngozi inawasha, inatoka vipele, pengine inachuruzika maji. Huo ndio mzio wa nikeli, na kumbukumbu hiyo hukaa miaka mingi.

Sasa kijana kaanguka na bodaboda, mguu umevunjika, anawekewa pleti na skrubu. Mara nyingi ni stenlesi, chuma kisichoshika kutu, ya aina iitwayo 316L, ambayo nikeli yake ni asilimia 10 hadi 14. Magoti ya bandia mengi yana kobalti na kromi. Aloi ya titani, yaani metali zilizochanganywa, inayotumika sana ina titani asilimia 90, aluminiamu 6 na vanadiamu 4. Nikeli haimo katika mchanganyiko wake.

Msikimbie upasuaji kwa haya. Wengi wenye mzio wa nikeli huwekewa stenlesi wakapona vizuri, kwa kuwa ina utando mwembamba unaoizuia nikeli isitoke ovyo. Hakuna haja ya kumpima kila mtu. Lakini kama uliwahi kuwashwa na hereni, saa au mkanda, mwambie daktari wa mifupa mapema, hata asipokuuliza.

Kuna jambo linaniuma. Sisi matabibu tulifundishwa kutafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Utaona weusi uliozidi, ukijivu, ngozi nene yenye mikwaruzo ya kucha. Nilimpokea kijana mwenye pleti kwenye muundi, vipele vimezunguka kovu, na kila aliyemwona kabla alimwambia ni fangasi. Nikamwomba afungue mkanda. Chini ya kitovu, pale bizimu linapogusa, palikuwa na doa jeusi tii, gumu kama gamba, upana wa sarafu. Alikuwa nalo tangu sekondari.

Tulihakikisha kwanza kwamba hana maambukizi. Kisha tukambandika viraka vya kupima mzio mgongoni, akakaa navyo siku 2 bila kuvilowesha. Tulivisoma tulipovibandua, tukavisoma tena siku ya 4: cha nikeli kilikuwa kimeumuka vipele. Mfupa ulikuwa umeshaunga, pleti ikatolewa, na ngozi yake ikatulia.

Ndiyo, mama, nimekusikia: goti lako la bandia linawasha, litolewe? Hapana, mama, tusianzie huko. Kama lina joto, limevimba, linatoa usaha au una homa, nenda hospitali leo hii, maana huenda ni maambukizi, na hayo hayangoji. Kama hakuna dalili hizo, tutaangalia plasta, dawa unazopaka, hata saruji iliyoshikilia goti, ambayo mara nyingine huchanganywa na antibiotiki. Chuma tutakifikia baada ya hapo. Nisubiri mlangoni, nilione.