Kujikinai Mbele za Mungu

Ndugu zangu, Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa kusema juu ya unyenyekevu wa moyo na matendo ya dini, nami nimechagua kukaa jioni ya leo na neno moja ambalo wengi wetu tumelisoma tangu utotoni bila kulitafakari. Kabla ya kutusimulia mfano wa watu wawili waliopanda hekaluni kusali, Farisayo (mmoja wa Wayahudi walioishika sana torati) na mtoza ushuru, katika sura ya 18, Luka anasema kwamba Yesu aliwaambia mfano huo watu "waliojikinai ya kuwa wao ni wenye haki, wakiwadharau wengine wote". Kukinai ni hali ya mtu aliyeshiba kiasi kwamba hata pilau ya harusi ikiletwa mbele yake huisogeza kando. Kujikinai ni kushiba nafsi yako mwenyewe. Kwa maoni yangu neno hili linaueleza ugonjwa wetu kuliko neno kiburi, kwa sababu mwenye kiburi hujulikana kwa mwendo na sauti, lakini aliyejikinai anaweza kuwa mpole, asiyekosa ibada, na bado akawa hana njaa yoyote ya Mungu.

Tumtendee haki Farisayo, maana hakusema uongo. Torati iliwaagiza Waisraeli kuzitesa nafsi zao siku moja kwa mwaka, Siku ya Upatanisho. Yeye alifunga mara mbili kwa juma, tena alitoa zaka katika mapato yake yote. Hapa Dar es Salaam tungemchagua kuwa mzee wa kanisa, na mtunza hazina angelala usingizi mzuri. Kasoro haikuwa katika funga wala katika zaka. Isomeni tena sala yake: anashukuru, anahesabu mema yake, anamtupia jicho jirani, na ombi hakuna hata moja. Mtoza ushuru, ambaye alikusanya fedha za watawala wa Kirumi na ambaye watu walikuwa na sababu za kweli za kumchukia, alisimama mbali, akajipigapiga kifua akisema, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Sala yake yote ni ombi, na ndiye aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki.

Nayasema haya kwa uchungu, kwa kuwa niliwahi kutunza hazina ya usharika, na kwa miaka kadhaa nilisoma ahadi za ujenzi kwa majina na kiasi, kubwa zikitangulia. Mama mmoja muuza mchicha akaacha kuja. Nilipomfuata nyumbani aliniambia, "Mwanangu, mimi kanisani naenda kusali, lakini jina langu likisomwa la mwisho na elfu mbili zangu, nashindwa kuinua uso." Usiku ule niliufungua tena mstari wa Luka nikaona kwamba nilikuwa nimeutimiza wote kwa orodha moja: waliosomwa mwanzo niliwasaidia kujikinai, na huyu wa mwisho nilimfikisha mahali pa kudharauliwa. Nilikuwa nimehubiriwa mara nyingi kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, na sikuwahi kuona kwamba neno hilo lilihusu kazi yangu.

Asinielewe mtu kwamba matendo hayana maana. Luka mwenyewe hatuachii nafasi hiyo, kwa kuwa katika sura inayofuata analeta mtoza ushuru mwingine, Zakayo, ambaye baada ya kumpokea Yesu nyumbani kwake kwa furaha aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na kuwarudishia mara nne wale aliowanyang'anya. Hayo ni matendo mazito kuliko zaka ya Farisayo, na yalitoka kwa mtu aliyekuwa amejua kwanza kwamba ana njaa.

Kwa hiyo nina ombi kwa wazee wa usharika mlio hapa. Kwaresima ijayo, siku zote 40, tusisome ahadi kwa majina. Bahasha zihesabiwe, risiti itolewe kwa kila mtu, jumla itangazwe. Na zile dakika ambazo tumezoea kusoma orodha, tupige magoti sote kimya, kila mmoja na ombi lake.