Mwendo wa Kobe Juu ya Miamba

Asanteni kwa kuja, na asanteni kwa kuzima injini huko nje ili tusikilizane. Kila mmoja hapa anajua transfa, lile boksi la gia la pili la gari la magurudumu manne, inakaa wapi na kazi yake ni nini, kwa hiyo sianzii huko. Naanza na lile lile ninalolisema kila ninapopewa maikrofoni, na nitalisema mpaka tuache kuvunja ekseli: gia ya chini ya transfa juu ya miamba tunaitafuta kwa ajili ya mwendo mdogo. Watu bado wanaizungumzia kama chombo cha kuongeza nguvu, na ndiyo maana wakifika kwenye jiwe wanakanyaga mafuta.

Tupige hesabu. Gari la tani mbili linakandamiza ardhi kwa niutoni 19,600 hivi. Kwa mpira wa tairi juu ya jabali kavu, tuchukue mgawo wa msuguano wa 0.8. Hata tairi zote nne zikikaa vizuri, jabali litakupa niutoni 15,700 za kukusogeza mbele, basi. Hiyo ndiyo dari. Ukipita hapo, tairi inazunguka bure. Sasa weka injini yenye torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 300, uwiano wa jumla wa 44 kwa 1 (injini izunguke mara 44 ndipo gurudumu lizunguke mara moja), na tairi ya inchi 33, ambayo kutoka katikati hadi ukingoni ina sentimita 42. Nm 300 mara 44 ni Nm 13,200 kwenye magurudumu. Gawa kwa 0.42, unapata zaidi ya niutoni 31,000. Ondoa kinachopotea kwenye gia na beringi, bado umebaki na nguvu nyingi kuliko jabali linavyoweza kupokea. Na 44 ni uwiano wa gari la kazi, halijabadilishwa chochote. Nguvu unayo tangu gari lilipotoka kiwandani.

Swali linalofuata nalijua, halikosi: kama nguvu imeshazidi, kwa nini watu wahangaike kutafuta uwiano wa 80 au 100? Jibu liko kwenye mizunguko ya injini. Zile Nm 300 huzipati injini ikijiendea yenyewe bila kukanyagwa mafuta. Unazipata kuanzia mizunguko 2,000 hivi kwa dakika. Mizunguko 2,000 ukiigawa kwa 44 ni mizunguko 45 ya gurudumu, na tairi ya inchi 33 inatembea mita 2.6 kila inapozunguka mara moja. Hapo unakwenda zaidi ya kilomita 7 kwa saa. Barabarani hiyo si kitu. Juu ya mawe yanayofika kiunoni, hiyo ni kasi ya kupasua difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli.

Basi ondoa mguu kwenye mafuta, acha injini ijiendee kwa mizunguko 800. Tuseme pale inatoa Nm 100. Kwa uwiano wa 44, nguvu inayofika ardhini ni niutoni 10,500. Haifiki dari yetu ya 15,700. Gari linagusa jiwe, injini inatetemeka, inazimika. Dereva anaongeza mafuta ili isizimike, kasi inapanda, tairi inateleza, kishindo kinafuata. Kwa uwiano wa 84, injini ile ile, mizunguko ile ile 800, unapata niutoni 20,000. Umevuka dari bila kugusa mafuta, na gari linakwenda kilomita 1.5 kwa saa. Hapo dereva ana muda wa kuona tairi ya mbele imepanda wapi kabla ya nyuma haijafika. Hii ndiyo faida yote ya uwiano mkubwa, na naomba mtu asiniambie tena kwamba ni ya "kuvuta".

Kila mtu ajue uwiano wa gari lake kwa kichwa. Ni kuzidisha tarakimu tatu tu: gia namba moja, gia ya chini ya transfa, na gia ya difu. Jeep Wrangler Rubicon ya toleo la JL yenye gia za mkono ni 5.13 mara 4.0 mara 4.10, yaani 84. Land Cruiser 79 ya dizeli ya V8 ni 4.529 mara 2.488 mara 3.909, yaani 44. Land Rover Defender ya injini ya Td5 inakaa karibu na hapo, 43. Suzuki Jimny mpya ya injini ya 1.5, gia za mkono, ni 4.425 mara 2.002 mara 4.090, inakupa 36.

Hapo wenye Jimny huinamisha vichwa, na hawana sababu. Tairi ya Jimny ni ndogo, kipenyo chake hakifiki sentimita 70. Kwa mizunguko 800 inatambaa karibu kilomita 2.9 kwa saa, sawasawa na Land Cruiser ya 44 iliyovalishwa tairi za inchi 33. Uwiano bila ukubwa wa tairi haukwambii kitu. Mtu ametoka tairi za inchi 31 akaweka za inchi 35, akainua gari, akapaka rangi, halafu analalamika kwamba gari limekuwa zito kupanda na klachi inanuka. Bila shaka inanuka! Ile 44 yake sasa inafanya kazi kama 39. Ili arudi alipokuwa, difu ya 3.909 inatakiwa iwe karibu 4.4, na ibadilishwe mbele na nyuma kwa uwiano mmoja, la sivyo mbele na nyuma vitagombana mpaka kitu kikatike.

Tuje kwenye mshiko wenyewe. Tairi juu ya mwamba inashika vizuri zaidi inapoteleza kidogo sana, kiasi ambacho jicho halikioni. Ikianza kuzunguka bure, mshiko unashuka, mpira unapata joto na kuacha alama nyeusi juu ya jiwe. Ile alama nyeusi mnayoipigia picha ni mpira uliolipiwa fedha, na ni dalili kwamba mwenye gari alikosa mstari wa kupitisha tairi. Baya zaidi ni kinachofuata: gurudumu linazunguka kwa kasi hewani, gari linadunda, tairi inarudi kugusa jiwe na kukamata ghafla. Uzito wote wa gurudumu, difu na propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) uliokuwa unazunguka unasimamishwa kwa mara moja. Torki inayopita kwenye ekseli wakati huo haina uhusiano na ile ya injini, ni kubwa kuliko hiyo mara kadhaa. Krosi, vile viungo vya shafti, zinapasuka hapo, sivi jointi za mbele, viungo vinavyoruhusu gurudumu kukata kona, zinapasuka hapo, meno ya krauni, gia kubwa ya ndani ya difu, yanakatika hapo. Gari likianza kudundadunda, toa mguu. Usiongeze. Simama, rudi nyuma nusu mita, chagua mstari mwingine.

Kuna atakayesema kwamba ameona magari ya mashindano yakipanda kuta kwa kishindo, injini zikilia. Ni kweli. Yale yana ekseli za magari ya kubeba tani moja, shafti za chuma maalumu na timu yenye vipuri vinavyosubiri chini ya mlima. Wewe una ekseli moja kila upande na safari ya kurudi nyumbani.

Upepo. Mtu anatumia fedha nyingi kwenye loki za difu huku tairi zake zina psi 35 za barabarani. Punguza upepo kwanza, haugharimu kitu. Kwa gari la tani mbili lenye rimu za kawaida, shuka hadi psi 15 au 18. Tairi inalegea, inarefuka pale inapogusa ardhi, inakumbatia ncha ya jiwe badala ya kuruka juu yake. Gari jepesi linaweza kushuka zaidi. Chini ya psi 12 kwa rimu za kawaida unacheza na hatari ya tairi kuvuka rimu, hasa ukikata kona huku gari limelala ubavu. Wenye rimu zinazobana ukingo wa tairi kwa boliti wanakwenda psi 8 au chini yake. Kumbuka kwamba kupunguza upepo kunashusha gari na kunaacha kuta za tairi zikijitokeza, kwa hiyo usisugue ubavu wa tairi kwenye jiwe lenye makali. Na asiyekuwa na pampu ya kurudishia upepo asipunguze. Tairi yenye psi 15 kwa kasi ya barabarani inapata joto na kupasuka.

Loki. Difu ya kawaida inagawa torki sawa kwa magurudumu mawili. Moja likiwa hewani halihitaji torki yoyote ili lizunguke, basi na la pili linapata karibu sifuri. Gari la magurudumu manne lenye difu za kawaida linaweza kukwama kwa sababu ya magurudumu mawili tu, moja mbele na moja nyuma, yaliyoachana na ardhi kwa mkingamo. Loki inafunga magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke pamoja, torki inakwenda kwenye gurudumu lenye mshiko. Ifunge kabla ya kupanda, gari likiwa limesimama au linatambaa. Ukisubiri mpaka tairi izunguke ndipo ubonyeze swichi, unagonga meno ya loki.

Ile mifumo ya kompyuta inayofunga breki ya gurudumu linalozunguka inasaidia, siikatai, lakini inahitaji gurudumu lizunguke kwanza ndipo iamke, na tumeshasema kuzunguka kunagharimu nini. Asiye na loki kabisa akanyage breki kidogo kwa mguu wa kushoto huku mafuta yakiwa kidogo. Gurudumu la hewani linapata kizuizi, la chini linapata torki. Kwa gari la gia za mkono hili linawezekana tu kama uwiano ni mkubwa na mwendo ni mdogo kiasi kwamba huhitaji klachi. Mnaona tumerudi palepale.

Nikizungumzia klachi, isiguswe. Kukanyaga klachi nusu juu ya jiwe ni kuiunguza. Injini ikizimika kwenye mwinuko, acha gia namba moja ilivyo kwenye transfa ya chini, shika breki, ondoa mguu kwenye klachi, washa kwa ufunguo. Stata yenyewe italisogeza gari na injini itashika. Magari mengi ya siku hizi hayakubali kuwaka bila klachi kukanyagwa. Hayo yanahitaji breki ya mkono iliyo imara.

Muda umekwisha, naona ishara huko nyuma. Yaliyobaki nayataja mbio mbio. Loki ya mbele ikiwa imefungwa, usikate usukani hadi mwisho huku ukikanyaga mafuta, sivi jointi itakuaga. Gia za otomatiki ni laini na zinazidisha torki pale mwanzoni, ila angalia joto la mafuta ya gia boksi. Likikaribia digrii 120, simama, weka nyutro, acha injini izungushe mafuta yapoe. Kushuka, gia namba moja, transfa ya chini, miguu mbali na klachi. Breki uiguse kidogo tu, kwa sababu magurudumu ya mbele yakifunga usukani umekwisha. Mchanga na tope ni habari nyingine, kule tairi inahitaji kasi ya kujisafisha, na uwiano wa 100 utakukwamisha.

La mwisho, kwa wale wa Suzuki SJ413 walioniuliza mlangoni. Uwiano wenu ni karibu 31. Anzeni na gia za transfa kabla ya difu. Seti ya gia za transfa ya 4.16 inawafikisha karibu 57, na sehemu kubwa ya mabadiliko inabaki kwenye gia ya chini, barabarani gari linapungua mbio kidogo tu. Difu yenye uwiano mkubwa inatumia pinioni (gia inayosukuma krauni) ndogo yenye meno machache, na hiyo huvunjika mapema. Ile seti ya 6.5 msiinunue kabla ya kuimarisha ekseli za nyuma, na kwanza kagueni mpira wa kukamatia transfa: ukiwa umechoka, transfa inajipinda mahali pake na krosi ya shafti fupi inayotoka gia boksi ndiyo itakayotangulia.