Umeandikiwa kipimo cha umeme wa ubongo? Anza na nywele

Habari zenu ndugu zangu wa Kigoma mjini, na ninyi mnaotazama kutoka Kasulu, Kibondo na Uvinza. Daktari amekuandikia EEG, ndicho hicho kipimo cha umeme wa ubongo, na tangu usikie neno umeme usingizi umekata. Ondoa hofu: mashine haikupigi shoti. Umeme ni wa ubongo wako mwenyewe, mdogo mno, na zile nyaya utakazobandikwa kichwani kazi yake ni kuupokea tu.

Nywele kwanza. Nilimwona mama aliyesafiri siku nzima na mwanawe hadi hospitali ya rufaa, akaambiwa karudi ukamfumue. Iliniuma sana, ndiyo maana narekodi hii. Basi jana yake fumua misuko yote, toa na rasta. Osha kwa shampuu, suuza, rudia. Usipake kitu tena. Najua hapa kwetu mafuta ya mise hayakosi kichwani, lakini hebu sogea uone: naweka tone moja tu kwenye ngozi, nabandika kidude hiki cha kwenye ncha ya waya... umeona? Kinateleza. Kisiposhika vizuri, mchoro wa umeme wa ubongo unaharibika.

Kula kama kawaida. Kahawa na chai ya rangi acha siku hiyo. Dawa za kifafa meza kwa saa zake, labda daktari awe amekwambia vingine. Ukiambiwa ukeshe, kesha kweli, usisinzie kwenye gari.

Ukifika, utapimwa kichwa kwa futi ya kamba, utachorwa alama, kisha vibandikwe vidude 20 hivi kwa dawa nzito kama uji. Hapo ndipo muda unapokwenda. Kurekodi kwenyewe ni kama nusu saa: fumba macho, fumbua. Legeza taya, maana hata kutafuna kunaingia kwenye mchoro. Utaambiwa uheme kwa nguvu dakika 3. Ukisikia kizunguzungu au ganzi vidoleni, itaisha. Halafu taa itawaka na kuzima harakaharaka mbele yako. Haya mawili huweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu, kwa hiyo mhudumu hakuachi peke yako.

Majibu yakija safi, tafadhali usitupe dawa. Mtu anaweza kuwa na kifafa na mchoro wake ukawa mzuri, kwa kuwa saa ile ubongo ulitulia.

Na mgonjwa akianguka kifafa nyumbani, mlaze ubavu, angalia saa, mwingine arekodi kwa simu. Video hiyo nenda nayo kwa daktari.